Maneno ya Mahakamani na Njia za Mtu Aliyesingiziwa Jinai

Iko methali ijulikanayo na kila asemaye Kiswahili: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri kwa mtu atakaye kujihadhari, lakini ni hakimu mbaya. Mtu akichukuliwa na askari asubuhi, jioni mtaa umekwisha kumhukumu. Na hata akirudi nyumbani kwake baada ya miezi sita, wako watakaosema kwamba hapana moshi pasipo moto. Sheria haikubali mwenendo huo. Yenyewe huanza upande wa pili: lisemwalo halipo, mpaka alisemaye alithibitishe.

Makala haya yana makusudi mawili. Kusudi la kwanza ni kueleza kwa utaratibu njia ambazo sheria ya Tanzania Bara inampa mtu aliyesingiziwa jinai, tangu saa ya kukamatwa hata baada ya shauri kwisha. Kusudi la pili ni kuonyesha kwamba mara nyingi njia hizo hupotea kwa sababu ya maneno. Tangu Februari 2021, Bunge lilipopitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, swali la neno gani litumike si swali la wanachuo peke yao. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya Mahakama za Mwanzo, lakini katika mahakama za juu kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mshtakiwa alisema kwa lugha moja, na rufani yake ikasomwa kwa lugha nyingine. Leo maneno yake yaweza kubaki yalivyo, na kwa hiyo yapasa maneno yenyewe yawe na mipaka ijulikanayo.

I. Maneno ya kusingizia

Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika jambo hili. Kusingizia ni kumtwika mtu tendo asilolitenda. Kuzulia ni zaidi ya hapo, maana ni kulibuni hata tendo lenyewe. Kuchongea ni kupeleka habari za mtu kwa mwenye mamlaka kwa nia ya kumdhuru, nazo habari hizo huenda zikawa za kweli au za uongo. Katika miaka ya karibuni watu wa Tanzania wamepata kutumia sana neno jingine, kubambika, nao husema: fulani kabambikiwa kesi. Neno hili lina jambo ambalo maneno ya zamani hayana, yaani mara nyingi linamtaja mwenye mamlaka mwenyewe kuwa ndiye mtunga uongo. Limekwisha kutoka mtaani na kuingia katika hotuba za viongozi. Na malalamiko ya namna hiyo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoifikia Tume ya haki jinai iliyoundwa Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ambayo ilikabidhi taarifa yake Julai mwaka huo huo.

Lugha ya dini ya Kiislamu nayo iliwaletea watu wa pwani msamiati wake. Buhtani ni uongo wa kumzulia mtu, na katika fikihi iko kadhfu, ambayo ni kumtuhumu mtu zinaa bila ya kuleta mashahidi wanne. Adhabu yake katika Kurani ni mijeledi 80, na humwangukia mwenye kutuhumu. Mahakama za makadhi zilizopo leo Zanzibar na Kenya hazihukumu jinai, bali hushughulika na ndoa, talaka, mirathi na mambo yahusianayo na hayo. Lakini msomaji ataona ya kuwa fikira ya kumwajibisha msingiziaji si ngeni kwa watu wasemao Kiswahili.

Kwa ajili ya sheria, yafaa tutenge hali tatu. Hali ya kwanza ni ya mtu aliyekosewa: uhalifu umetokea kweli, na shahidi kwa moyo safi amemdhania siye. Hali ya pili ni ya mtu aliyezuliwa: mlalamikaji ajua ya kuwa asema uongo. Hali ya tatu ni ya mtu aliyebambikiwa: mwenye kazi ya kuchunguza ndiye aliyetunga. Wote watatu hawana hatia, na wote wana haki ya kuachiwa. Ila baada ya kuachiwa njia zao hazilingani, kwa kuwa yule wa kwanza hana mtu wa kumdai kwa nia mbaya.

Tena yapo majina ya mtu mwenyewe. Anayeshukiwa ni mshukiwa. Anayetajwa waziwazi kuwa ametenda ni mtuhumiwa. Aliyesomewa shtaka mbele ya mahakama ni mshtakiwa. Na aliyeonekana kuwa na hatia ndiye mkosaji, akipewa kifungo akawa mfungwa. Majina haya ni ngazi, wala hayafai kubadilishana. Gazeti linapomwita mshukiwa mwizi, limemrusha ngazi tatu kwa kalamu moja.

II. Mbele ya askari

Mtu akamatwaye kwa uongo hutaka kujieleza papo hapo, kwa sababu aamini kwamba ukweli utamtoa. Sheria haimkatazi, lakini haimlazimishi. Kabla ya kuandika maelezo yake, askari hana budi kumwonya ya kwamba halazimiki kusema neno lolote, na kwamba atakalosema laweza kutolewa mahakamani kuwa ushahidi. Maelezo hayo huitwa maelezo ya onyo. Jina hilo limewapotosha wengi, kwa kuwa onyo katika lugha ya kila siku ni karipio apewalo mkosaji. Mtu huweza kufikiri kwamba ameonywa ili asirudie, kisha atie sahihi na kwenda zake. Kumbe hapa onyo ni tahadhari juu ya haki yake. Lau yangeitwa maelezo baada ya tahadhari, maana ingalikuwa wazi zaidi.

Haki nyingine za wakati huu ni kuelezwa sababu ya kukamatwa, kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na kusomewa maelezo yake kabla ya kuyatia sahihi. Mtu aliyesingiziwa asitie sahihi karatasi asiyoisoma au asiyosomewa, wala karatasi yenye nafasi tupu. Akiwa amelazimishwa kuungama kwa kipigo, ahadi au vitisho, yampasa kulisema jambo hilo mapema, kwa hakimu wa kwanza atakayemwona, na kuomba apelekwe kwa daktari; maana katika Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba ungamo lilitolewa kwa hiari. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Uganda la mwaka 1967, iliwaonya mahakimu wayapokee kwa uangalifu mkubwa maungamo ambayo mshtakiwa ayakana, na kwa kawaida watafute ushahidi mwingine wa kuyatia nguvu. Fundisho hilo lafuatwa mpaka leo.

Kadiri ya muda nayo imewekwa. Aliyekamatwa bila ya hati ya mahakama sharti afikishwe mbele ya mahakama ndani ya saa 24, au mara iwezekanapo. Akiwekwa kituoni kupita muda huo bila ya sababu ya sheria, ndugu zake waweza kupeleka maombi Mahakama Kuu ili iamuru aletwe mbele yake, na anayemshika aeleze kwa mamlaka gani anamshika. Njia hii hutumiwa kidogo, lakini ndiyo ifaayo kwa mtu aliyefichwa.

Kisha iko dhamana. Dhamana si zawadi, wala si dalili ya kwamba mtu ameshinda. Ni ahadi ya kurudi siku ya shauri. Makosa mengi yana dhamana, lakini yapo yasiyo nayo, miongoni mwao mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji wa fedha. Hapa ndipo msingiziaji hodari apatapo nguvu zake, kwa maana akilitaja kosa lisilo na dhamana amekwisha kumfunga mtu kabla ya hukumu. Mei 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kinachoyanyima makosa hayo dhamana kinapingana na Katiba. Lakini Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na kifungu kikabaki. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili, kwa makosa mengi, mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Marekebisho hayo yalijibu kilio cha miaka mingi cha watu waliosikia neno moja tu kila baada ya siku 14, kwamba upelelezi bado.

III. Mbele ya mahakama

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(b), yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba analo. Sehemu ya haki za binadamu, ambayo ndani yake imo ibara hiyo, iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na wananchi wakaweza kuidai mahakamani tangu Machi 1988. Lakini kanuni yenyewe ni ya zamani zaidi, ilikuja pamoja na sheria ya Uingereza iliyopokewa Tanganyika kwa tarehe 22 Julai 1920, nayo ilipata kuelezwa vizuri na majaji wa Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1935: mzigo wa kuthibitisha ni wa anayeshtaki, tangu mwanzo hata mwisho.

Kiasi cha kuthibitisha katika jinai hutajwa kwa Kiswahili kwa maneno haya: pasipo kuacha shaka yoyote. Tafsiri hii yadai zaidi ya sheria. Hakuna jambo la wanadamu lisilo na shaka yoyote. Na kama hicho ndicho kipimo, hata mwizi aliyeshikwa na mali mkononi angeachiwa. Sheria yataka pasiwe na shaka ya maana, yaani ile ambayo mtu mwenye akili timamu aweza kuitolea sababu. Huenda msomaji akasema kwamba kosa hili humsaidia mshtakiwa. Kwa nje ni kweli. Lakini hakimu asomaye maneno yasiyowezekana huyazoea, kisha huyaandika kama dua bila ya kuyapima, na anayeumia ni yule ambaye shaka yake ilikuwa ya maana kweli. Kwa hiyo afadhali tuseme: pasipo kuacha shaka ya maana.

Kwa mtu aliyekosewa, yaani wa ile hali ya kwanza, ngao yake kubwa ni fundisho juu ya utambuzi. Katika hukumu ya mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko namna nyingine, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka imeondoa uwezekano wote wa kukosea. Maswali ya kuuliza ni haya: Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Alikuwa mbali kiasi gani? Kulikuwa na mwanga gani? Je, alikuwa akimjua tangu zamani? Mshtakiwa asiye na wakili aweza kuyauliza maswali haya mwenyewe, kwa maana kumhoji shahidi wa upande wa pili ni haki yake. Aulize kwa ufupi, wala asibishane.

Utetezi mwingine ni wa kutokuwapo, yaani kuonyesha kwamba wakati wa tukio alikuwa mahali pengine. Watu wengi hudhani kwamba mwenye kuutoa hupaswa kuuthibitisha. Sivyo. Yatosha utie shaka ya maana katika hoja ya mashtaka. Lakini sheria yataka taarifa: aijulishe mahakama na upande wa mashtaka kabla ya shauri kusikilizwa, au angaa atoe maelezo yake kabla ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi wao. Akiukalia mpaka zamu yake ya kujitetea, mahakama yaweza kutoupa uzito wo wote. Basi mtu aliyesingiziwa, na hasa aliyekuwa safarini, msibani au hospitalini siku ile, awatafute mashahidi wake mapema na kuzihifadhi karatasi zake, kama tikiti, stakabadhi na kadi ya matibabu.

Upande wa mashtaka ukimaliza, mahakama huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu au hana. Maneno haya ni sahihi, lakini yameleta hofu isiyo na msingi. Kuambiwa una kesi ya kujibu si kuambiwa una hatia. Maana yake ni kwamba yale yaliyosemwa, kama yasipojibiwa, yangeweza kutosha. Mshtakiwa aweza kujitetea kwa kiapo, au bila ya kiapo, au kunyamaza. Ila ajue kwamba kunyamaza mbele ya mahakama si sawa na kunyamaza mbele ya askari, kwa sababu hapa mahakama yaruhusiwa kuufikiria ukimya wake kwa ubaya. Kwa asiye na hatia, kwa kawaida yafaa aseme.

Kuhusu gharama, mshtakiwa wa kosa kubwa kama mauaji huwekewa wakili na serikali. Kwa wengine iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo imewapa nafasi hata wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Hao hawasimami mahakamani mahali pa wakili, lakini huweza kumwongoza mtu katika taratibu na kumsaidia kuandika nyaraka zake.

IV. Kuachiwa, na kuachiwa huru

Tumefika mahali ambapo neno moja laweza kumgharimu mtu haki yake. Mtaani, na mara nyingi magazetini, kila atokaye mahakamani bila ya kifungo husemwa kuwa ameachiwa huru. Katika sheria mambo ni mawili, wala hayafanani.

La kwanza ni kuondolewa mashtaka. Mkurugenzi wa Mashtaka aweza kuijulisha mahakama wakati wo wote kabla ya hukumu kwamba hana nia ya kuendelea. Mshtakiwa huachiwa, lakini kuachiwa huko peke yake hakuwi kizuizi cha kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Wako waliotoka mlangoni mwa mahakama wakicheka, wakakamatwa tena uani.

La pili ni mahakama kumwona mtu hana hatia. Huyo hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile, ingawa upande wa mashtaka una haki ya kukata rufani. Tena katika mahakama za chini iko tofauti ifaayo kukumbukwa: shtaka likiondolewa kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, huachiwa tu, likiondolewa baada ya kutakiwa kujitetea, mahakama humwona hana hatia. Saa ya kuondolewa shtaka basi ina maana kubwa.

Napendekeza kwamba maneno kuachiwa huru yawekwe kwa ajili ya hali hii ya pili peke yake, na hali ya kwanza iitwe kufutiwa shtaka kwa muda, au kuachiwa kwa sharti la sheria, au jina lingine litakalokubaliwa, mradi lisiwe na neno huru. Sababu si upenzi wa maneno. Mtu atakaye kumdai aliyemsingizia, kama tutakavyoona, sharti aonyeshe kwamba shauri lilikwisha kwa upande wake. Aliyefutiwa tu atakabiliwa na hoja ya kwamba shauri lake halikwisha, kwa kuwa laweza kufufuka. Kwa hiyo mtu aombe nakala ya amri ya mahakama siku ile ile, ausome mstari wa mwisho, na kuiweka nakala hiyo mahali pa salama.

V. Baada ya kushinda

Njia ya kwanza imo ndani ya shauri lenyewe. Mahakama ikilitupa shauri na kuona kwamba lilikuwa la upuuzi au la kuudhi tu, ina uwezo wa kumwamuru mlalamikaji amlipe mshtakiwa fidia ya wastani kwa usumbufu na gharama zake. Ni njia ya karibu na nyepesi, lakini haiombwi mara nyingi, kwa sababu mshtakiwa hufurahi kutoka na kusahau.

Njia ya pili ni kumshtaki msingiziaji kwa jinai. Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1945, yafanya kuwa kosa kumpa mtumishi wa umma habari za uongo ili atumie mamlaka yake kumdhuru mwingine. Na mwenye kutoa ushahidi wa uongo mahakamani kwa kujua aweza kufungwa miaka 7. Lakini kwa ushahidi wa uongo neno la shahidi mmoja tu halitoshi kumtia mtu hatiani, bali litiwe nguvu na jingine. Tena kushindwa kwa shauri si dalili ya uongo. Shahidi aliyekosea kwa nia njema hana kosa, na lau angeadhibiwa, hakuna ambaye angekubali kusimama kizimbani.

Njia ya tatu ni madai ya fidia kwa kushtakiwa kwa hila. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliyaeleza masharti yake mwaka 1972, katika shauri lililotoka Uganda, na mahakama za Tanzania hufuata masharti hayo hayo. Mdai athibitishe kwamba mdaiwa ndiye aliyeanzisha mashtaka. Kwamba mashtaka yalikwisha kwa upande wa mdai. Kwamba hapakuwa na sababu ya maana ya kushtaki. Kwamba mdaiwa alikuwa na nia mbaya. Na kwamba mdai alipata hasara. Sharti moja likikosekana, dai lote huanguka. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: jirani aliyeibiwa akatoa taarifa polisi kwa yale aliyoyaona, naye akawaachia polisi waamue, kwa kawaida hahesabiwi kuwa mwanzishaji wa mashtaka. Wala nia mbaya si chuki peke yake. Ni kutumia sheria kwa kusudi lisilo lake, kama vile kumwondoa mtu katika kiwanja chake au kumtisha mdai wa deni. Ndiyo maana neno husuda, litumiwalo na baadhi ya watafsiri, halifai, kwa kuwa mtu aweza kushtaki kwa hila bila ya kumhusudu mwenziwe hata kidogo.

Muda nao ni sharti. Madai ya namna hii huhesabiwa tangu siku shauri la jinai lilipokwisha, si tangu siku ya kukamatwa. Na Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 yatoa miaka 3 kwa madai ya madhara. Anayetaka kuidai Serikali sharti atoe kwanza taarifa ya siku 90. Baadhi ya madai juu ya matendo yaliyofanywa kwa mamlaka ya sheria yana muda mfupi zaidi, kwa hiyo mtu asingoje.

Njia ya nne ni madai ya kufungiwa isivyo halali, nayo haitegemei kushinda kwa shauri. Hata mwenye hatia akiwekwa mahabusi kupita muda bila ya idhini amedhulumiwa. Njia ya tano ni kashfa. Kumwambia mtu mbele ya watu kwamba ni mwizi au muuaji ni kashfa idaiwayo bila ya kuonyesha hasara. Lakini yaliyosemwa mahakamani hayadaiwi kabisa, na taarifa iliyotolewa polisi hulindwa mradi ilitolewa pasipo nia mbaya. Basi kashfa hufaa zaidi juu ya yule aliyeyabeba maneno hayo kutoka kituoni na kuyaeneza mtaani.

Kwa aliyebambikiwa na watumishi wa umma, pana pia mlango wa Katiba, ambao ni maombi mbele ya Mahakama Kuu kwa sheria ya mwaka 1994 ya kutekeleza haki na wajibu wa msingi, na malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

VI. Aliyehukumiwa naye hana kosa

Iko bahati mbaya kuliko zote, ya mtu aliyesingiziwa na kisha mahakama ikamwamini msingiziaji. Huyo hesabu yake ni ya siku. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, rufani hupelekwa ndani ya siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya nia ya kukata rufani hutolewa ndani ya siku 10, na rufani yenyewe ndani ya siku 45. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ni ndani ya siku 30. Mfungwa hutoa taarifa yake kwa mkuu wa gereza. Aliyechelewa kwa sababu nzuri aweza kuomba aongezewe muda.

Baada ya Mahakama ya Rufani, iliyoanza kazi mwaka 1979, hakuna mahakama nyingine ya kwenda. Lakini kanuni zake za mwaka 2009 zaruhusu hukumu itazamwe upya, ndani ya siku 60, kwa sababu chache, na mojawapo ni kwamba hukumu ilipatikana kwa hila au kwa ushahidi wa uongo. Siku 60 ni chache sana kwa uongo, ambao mara nyingi hukaa miaka kabla ya kufichuka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50(6), imekwenda mbele zaidi: aliyehukumiwa, hata rufani yake ikiwa imekwisha kukataliwa, aweza kuomba shauri jipya mbele ya Mahakama Kuu kama umepatikana ushahidi mpya wenye nguvu. Nao mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1976, wasema katika ibara ya 14(6) kwamba mtu ambaye hukumu yake ya mwisho imetenguliwa kwa sababu ya jambo jipya lionyeshalo kwamba haki ilipotoka, alipwe fidia kwa mujibu wa sheria.

Rais naye ana uwezo wa kusamehe kwa ibara ya 45. Hapa tena neno laleta uzito. Msamaha hupewa mkosaji, na asiyekosa akiupokea hutoka gerezani na hatia yake mgongoni. Si ajabu kwamba wako wanaousita. Kiswahili chahitaji neno la kumtaja mtu ambaye hukumu yake imetanguka kwa kuwa hakutenda kamwe, si kwa kuwa karatasi ilikosewa tarehe. Kusafishwa jina ndiyo kauli ya watu, nami sioni sababu ya kutoipokea katika sheria, kwa maana yatamka kile hasa ambacho aliyesingiziwa hukitafuta.

Kwa kumaliza, istilahi za sheria hazitungwi kwa ajili ya kamusi tu. Mwenye kuamua kwamba onyo liwe tahadhari, na kwamba shaka yoyote iwe shaka ya maana, na kwamba neno huru lisimwagwe ovyo, amemsaidia mtu aliyesimama kizimbani pasipo wakili, ambaye hana cha kujitetea nacho ila maneno ayasikiayo. Wenzetu wa sheria wana kazi ya kuyapima mapendekezo haya kwa vipimo vyao, na wenzetu wa lugha kwa vyao. Ila wakutane mapema, kwa maana hukumu zaandikwa kila siku, na neno likikwisha kuandikwa katika hukumu nyingi ni taabu kulitoa.